Majani tele, maziwa haba: jibu kwa mama wa Marangu

Swali lenyewe, kwa kifupi:

"Shikamoo mama. Nina watoto wawili, wa darasa la nne na la kwanza. Mwaka jana tulihamia kwa mama mkwe, Marangu, baada ya baba kufariki. Mume wangu amebaki Moshi mjini kikazi, huja mwisho wa wiki. Tuna ng'ombe wawili. Mmoja alizaa katikati ya Januari, na mwanzoni mwa Machi alikuwa amefika lita 11 kwa siku kwa mabua ya kununua na pumba. Mvua ziliposhika tukaacha pumba na mabua, maana majani yamejaa kila upande. Sasa Aprili inaisha, ameshuka hadi lita 7, kinyesi chake ni uji, na kituoni wamenirudishia maziwa mara mbili. Mama mkwe anasema ng'ombe ana njaa na anaogopa mvua. Mume anahisi kuna maziwa yanauzwa pembeni. Mimi naamka saa 10 usiku kwenda kukata majani, nalala saa 5, na wanangu naonana nao wakishasinzia. Wa pili anatarajiwa kuzaa wiki ya kwanza ya Juni. Nimekosea wapi?"

Marahaba, mwanangu. Pole na kazi, na pole kwa msiba wa baba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na karibu kila unaloniuliza umeshalijibu humo humo bila kujua.

Nianze na mama mkwe. Amekwambia ng'ombe ana njaa, nawe nadhani ulinyamaza kwa adabu tu, kwa sababu kihori kimejaa mpaka kinamwagika. Mama yuko sahihi. Na hilo la kuogopa mvua nitalifikia, maana nalo analo.

Siwezi kukucheka. Mwaka wangu wa pili kazini kama afisa mifugo nilipangiwa Rombo, na mwezi wa nne kama huu nikaitwa na bibi mmoja aliyesema ng'ombe wake ana njaa. Nikachungulia bandani: mabingobingo ya kijani kibichi, kihori kizima. Nikatabasamu kitaalamu, nikaandika dawa ya minyoo, nikapanda pikipiki. Wiki mbili baadaye niliporudi mbavu za yule ng'ombe zilikuwa zinahesabika. Bibi hakunigombeza. Alichota konzi ya majani kihorini, akayasokota kama mtu anayekamua nguo aliyoifua, maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akaniuliza, "Mama mifugo, hiki ni chakula au ni mvua?"

Tufanye hesabu ambayo bibi yule aliifanya kwa mkono. Chotara wa maziwa wa kilo 400 hivi anahitaji kama kilo 12 za chakula kwa siku, lakini kilo hizo 12 ni za chakula kilichotolewa maji yote. Mabingobingo machanga ya masika yana gramu 150 hivi tu za chakula katika kila kilo. Gramu 850 zilizobaki ni maji, hapo hatujahesabu umande na mvua iliyoshika juu ya majani. Mzigo wa kichwani wa kilo 30 kwa hiyo una chakula cha kilo 4 na nusu. Hukuniambia unaleta mizigo mingapi, ila kwa mtu mmoja, kwa vile vilima vyenu na utelezi wa Aprili, sidhani inazidi 3 kwa siku. Gawanya kwa ng'ombe wawili: kila mmoja anapata pungufu ya kilo 7. Hata ungekuwa na shingo ya kubeba mizigo 6, tumbo la ng'ombe halina pa kuyaweka maji yote hayo. Anashiba kabla hajala.

Kama una shaka, pima mwenyewe. Omba mizani dukani, pima kilo 1 kamili ya majani jinsi unavyoyaleta alfajiri, yatandaze kwenye ungo juu ya dari la jikoni pale mnapokaushia mahindi, uyaache moshi na joto viyamalize kwa siku tatu nne mpaka yavunjike kama tumbaku. Pima tena. Mwite mama mkwe aone mshale unaposimama.

Sasa linganisha na kiangazi. Yale mabua mliyonunua yalikuwa makavu, karibu yote chakula. Chakula hafifu, kweli, lakini tumbo lilikuwa na kazi ya kufanya, na pumba zikaziba pengo. Mvua zilipofika ukamwondolea vyote viwili kwa mpigo, ukampa kijani kinachopendeza macho. Ndiyo maana kinyesi ni uji: hana kitu cha kucheua. Simama naye mchana akiwa amelala, uhesabu. Kila tonge linalopanda kooni anatakiwa alitafune mara 50 au zaidi. Wa kwako nadhani atakuwa anameza kabla ya hapo. (Kinyesi kikiwa na damu, au kikinuka kuliko kawaida, au ng'ombe akiwa na homa, hayo mengine, mwite daktari siku hiyo hiyo. Vilevile majani ya kwenye majimaji, kingoni mwa mifereji, yaache. Konokono wa huko ndio wanaobeba minyoo ya ini.)

Kabla sijakwambia la kufanya, nikutoe hofu moja. Si lita zote 4 zilizopotea ni za makosa. Ng'ombe hufika kileleni wiki ya 6 hadi ya 8 baada ya kuzaa, kisha maziwa hupungua yenyewe kama asilimia 8 hadi 10 kila mwezi. Wako alikuwa kileleni mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo leo angetegemewa kuwa kwenye lita 9 na nusu hivi. Unazodai ni lita 2 na nusu. Hizo zinarudi.

Rudisha mabua. Kilo 2 au 3 kwa kila ng'ombe asubuhi, kabla hajagusa kitu kibichi, yamekatwakatwa vidole viwili viwili. Kama mabua yameisha, majani makavu ya aina yoyote yaliyokauka vizuri yanafaa, ila ukungu usiwepo. Mabingobingo usiyakate yakiwa magotini. Yaache yafike kama mita 1, kifuani kwa mtoto wako mkubwa. Yanakuwa na maji kidogo zaidi na mmea unapata nguvu ya kuchipua tena. Na uyakate alasiri, mvua ikipisha, uyatandaze chini ya paa yalale humo, uyakatekate kesho yake. Kunyausha hakuongezi chakula ndani ya mzigo. Kunaondoa maji ili tumbo lipate nafasi. Migomba usimpe kabisa mwezi huu. Najua kihambani, kwenye shamba la nyumbani, ndiyo iliyo karibu, na mgomba ukishakatwa ndizi unauonea huruma, lakini katika kilo 1 ya mgomba zaidi ya gramu 900 ni maji. Mgomba ni wa Septemba, wakati ng'ombe ana kiu na kila kitu kingine ni kikavu.

Pumba nazo zirudi, taratibu, mkipandisha ndani ya wiki moja ili tumbo lizoee. Kawaida ni kilo 1 kwa kila lita 2 au 3 za maziwa, kwa hiyo huyu apate kama kilo 3 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni wakati wa kukamua. Changanya madebe 3 ya pumba za mahindi na debe 1 la mashudu ya alizeti, tia chumvi na madini ya mifugo. Kama mna miti ya lukina au kaliandra kwenye mpaka wa shamba, fungu la majani yake kila siku linapunguza haja ya mashudu. Kama hamna, hii mvua ni ya kupanda.

Haya, mvua. Ng'ombe wa maziwa hulala saa 10 hadi 12 kwa siku, na akilala ndipo anapocheua na damu inakwenda kwa wingi kwenye kiwele. Mahali pakiwa pa tope, anasimama. Anasimama usiku kucha kwenye matope, asubuhi unamkuta amechoka kama mlinzi. Mama mkwe anaona amesimama usiku mvua inanyesha, anasema anaogopa mvua. Mimi ningesema anaogopa kitanda. Fanya hivi: ingia anapolala, piga magoti hapo ukiwa na kanga yako, hesabu mpaka 30. Ukisimama na kanga imelowa, pale si mahali pa kulala. Ukisimama magoti yanauma, nako ni pagumu mno.

Kazi hiyo mpe mumeo Jumamosi. Kwanza paa, maana banda la kwetu mara nyingi linavuja pale pale ng'ombe anapoweka mgongo. Pili mfereji wa kuzuia maji ya kilimani yasipite ndani. Nimeona mabanda mengi ambayo mvua inaingia kwa mlango kama mgeni. Tatu sehemu ya kulala iinuliwe kidogo na iteremke kuelekea nyuma, upana wa mita 1 na robo na urefu wa mita 2 na kidogo, ili mkojo na kinyesi vianguke nje ya kitanda. Juu yake tandika maranda ya kiwandani au majani makavu ya migomba. Hapo mgomba unafaa hata Aprili. Kila asubuhi toa yaliyolowa, ongeza makavu. Kinachotoka ni samadi ya kahawa na ndizi, hakipotei.

Maziwa kurudishwa. Hapa ningeomba ukauliza swali moja kituoni, kwa upole: yamekataliwa kwa kipimo kipi? Wengi wanaambiwa "mabovu" wakaondoka na dumu lao wakilia. Kuna kipimo cha spiriti, wanachanganya maziwa na spiriti sawa kwa sawa, yakifanya chembechembe wanasema yamekatika. Na kuna kile kinachoelea ndani ya maziwa, laktomita, ambacho kwa maziwa mazuri kinasoma kati ya 28 na 32. Kila kimoja kinasimulia habari yake.

Kama laktomita ilisoma chini ya 28, ni maji. Usikasirike, sisemi umetia. Keni iliyosuuzwa bila kugeuzwa ikauke, mfuniko ulioazimwa, matone ya paa linalovuja juu ya ndoo ya kukamulia, maji yaliyobaki kwenye kiwele ulichokiosha bila kukifuta, vyote hivyo vinajumlishwa. Kama ni spiriti, kuna sababu tatu. Ya kwanza ni maziwa ya jioni yaliyolala kwenye dumu la plastiki lililokuwa la mafuta ya kula. Dumu hilo halisafishiki hata ulisugue kwa mchanga, mdomo wake mwembamba mkono haupiti. Nunua keni ya alumini, hata ya lita 10, na maziwa ya jioni yaweke kwenye keni ndani ya beseni la maji ya mfereji. Maji ya kwenu ni baridi, yatumie. Ya pili ni ugonjwa wa kiwele usioonekana kwa macho. Ya tatu wengi hawaijui: ng'ombe mwenye njaa anaweza kutoa maziwa yanayokatika kwenye spiriti ingawa ni mabichi kabisa, hayajachacha hata kidogo. Kwa huyu wako naishuku hii ya tatu pamoja na ya pili.

Kwa kiwele, fuata utaratibu huu bila kuruka. Osha chuchu kwa maji ya uvuguvugu, futa kwa kitambaa kikavu, kila ng'ombe na chake. Michirizi miwili ya kwanza ya kila chuchu ikamulie kwenye kikombe cheusi, uangalie kama kuna mabonge au maji maji. Kamua kwa kukaza kiganja, usivute kwa vidole viwili. Ukimaliza chovya chuchu kwenye dawa. Halafu, hili ndilo linalosahaulika, mpe chakula hapo hapo ili asimame nusu saa. Tundu la chuchu linabaki wazi baada ya kukamua, na akilala kwenye tope wakati huo umemwingizia ugonjwa kwa mkono wako. Mwombe afisa mifugo aje na kile kibao cha vikombe 4 apime kila chuchu. Ni kipimo cha dakika 5. Akikutwa na ugonjwa na akachomwa sindano, maziwa usiyauze wala usiwape watoto mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zipite.

Sasa saa zako. Umeniandikia unaamka saa 10 usiku kukata majani, yaani unayakata wakati yana maji kuliko saa zote, kwenye giza, kwenye utelezi, ukayabeba na umande wake. Unajitwisha maji, mwanangu. Ukihamishia kukata saa 9 alasiri, asubuhi yako inaanza saa 11 kwa kukamua tu, majani yako tayari chini ya paa tangu jana. Saa 12 na nusu keni imeshafungwa, na watoto wanakunywa chai wakiwa na wewe mezani. Jioni kamua tena saa 11. Kiwele kinapenda saa 12 kati ya mkamuo na mkamuo, na kinapenda saa ile ile kila siku kuliko kinavyopenda bidii. Najua pia mwezi wa tatu na wa nne ndio wa shamba la chini, mahindi yanataka palizi tambarare na kahawa inataka mikono huku juu. Siku za kushuka tambarare lipa mtu akate majani. Nimeona familia zikiona uchungu kulipa kibarua siku 6, zikapoteza lita 2 kila siku kwa miezi 3.

Na msibebe wote mzigo mmoja. Mama mkwe kwa umri wake asibebe majani, mpe masikio. Huyo anamjua ng'ombe kwa sauti. Huyu aliyezaa Januari ana zaidi ya miezi mitatu sasa, na hukuniandikia kama ameonekana joto, yaani kutaka dume. Ndani ya banda dogo, mvua ikipiga bati, joto linapita mtu hajui. Linarudi kila siku 21 na linadumu kwa saa 18 hivi. Mama ndiye atakayesikia mlio usiokuwa wa njaa, ndiye atakayeona ute mwangavu kama wa yai bichi ukining'inia, au ng'ombe anayekataa chakula huku hana homa. Akiona asubuhi, mhimilishaji, yule wa kupandikiza mbegu, aje jioni ya siku hiyo. Akiona jioni, aje asubuhi. Mkichelewa miezi, mwakani wakati huu mtakuwa mnamlisha bure.

Wa darasa la nne mpe daftari. Lining'inizwe kwenye msumari mlangoni kwa banda, na kalamu yake kwa uzi. Kila mkamuo aandike: lita ngapi zimetoka, ngapi za ndama, ngapi za nyumbani, ngapi za kituoni. Ajumlishe Jumapili. Hiyo ni hesabu ya darasa la nne kabisa, na ndiyo dawa ya yale maneno ya mumeo. Mtu aliye mjini anakumbuka lita 11 za Machi, anaona fedha za lita 7, katikati hajui kuna ndama, watoto, chai ya bibi na maziwa yaliyorudishwa. Piga picha ukurasa, mtumie kila Jumapili bila yeye kuomba. Usiongeze neno lolote chini ya picha.

Ila naye ana lake. Kwetu uchagani tangu zamani ng'ombe alihesabiwa wa baba na maziwa yakawa ya mama, na wanawake wa Nronga, upande wa Machame, walipoanzisha ushirika wao wa maziwa miaka ya 1980 walikuwa wanaendeleza jambo lililokuwepo. Sasa kama fedha za maziwa ndizo zinazolipa sabuni, daftari za shule na pumba pia, basi ng'ombe anajilisha mwenyewe na mwenye ng'ombe hatoi kitu. Mwambie kwa lugha yako nzuri kwamba pumba na mashudu viwe vyake. Yuko mjini, mashine za kusaga ziko huko, bei ni nafuu kuliko mnayouziwa juu, na anakuja kila wiki. Gunia moja kila mwisho wa wiki, na atakuwa na haki ya kuuliza lita.

Mdogo, wa darasa la kwanza, umpe ndama. Miguu ya nyuma ya mama ng'ombe asiikaribie, lakini ndama ampige brashi kila jioni na achungulie ndani ya masikio. Kupe wa masikioni ndio wanaoleta ndigana kali, nao mvua zikinyesha huongezeka, na kumfungia mnyama bandani hakumkingi: wanaingia na majani mnayokata. Akikuta matezi yamevimba chini ya sikio au mbele ya bega, na ndama amepoa, akuambie saa hiyo hiyo. Ndigana ukiisubiri kesho, unaisubiri na ngozi. Ogesheni kila wiki, na muulize afisa wenu kuhusu chanjo ya ndigana kali, ile iliyotengenezwa Muguga, Kenya. Anachomwa mara moja maishani. Inauma mfukoni, lakini mtamba mmoja aliyekufa anauma zaidi.

Maziwa ya nyumbani usiyaonee haya. Katika lita 7 zako, toa ya ndama kwanza, kisha lita 1 ya watoto na bibi, ndipo upeleke kituoni. Nimeingia nyumba nyingi za wafugaji ambako watoto wanakunywa chai ya rangi ili keni ijae. Wapewe maziwa, na yachemshwe mpaka yapande, yakiwemo yale ya kugandisha. Homa ya kutupa mimba ya ng'ombe huambukiza watu, nayo humaliza mtu nguvu miezi mingi.

La mabingobingo yanayozidi. Kufika katikati ya Mei mtakuwa na majani msiyoweza kuyamaliza na bei ya maziwa itakuwa chini kwa sababu kila mtu anayo. Hapo ndipo pa kutengeneza sileji, yaani majani yanayovundikwa bila hewa ili yaliwe kiangazi. Yakate, yanyaushe siku nzima, yakatekate vipande vya sentimita 2 au 3, nyunyizia molasi iliyochanganywa na maji, shindilia kwenye mifuko mizito ya nailoni mpaka hewa yote itoke, funga kwa kamba ya mpira, weka mahali panya hawafiki. Baada ya wiki 6 iko tayari, na isipofunguliwa inangoja hadi Oktoba. Ikinukia kama matunda yaliyoanza kuchachuka, imekubali. Ikinuka kama soksi, hewa iliingia. Mwaka wa kwanza fanya mifuko 10 tu ujifunze. Nilimwambia mama mmoja afanye 60 mara moja, panya wakatoboa 40, na mpaka leo akiniona sokoni anavuka barabara.

Nimebakiza yule wa pili, uliyemtaja kwa mstari mmoja tu, na ndiye aliyenifanya nikujibu upesi. Kama anazaa wiki ya kwanza ya Juni, zimebaki siku 40 hivi, na nina wasiwasi bado unamkamua ili kujazia keni. Alitakiwa aachwe siku 60 kabla ya kuzaa. Kiwele kinahitaji mapumziko hayo kujitengeneza upya, na ndama aliye tumboni anakua zaidi miezi hii miwili kuliko yote iliyopita. Punguza pumba zake leo, mpe mabua na maji. Kesho mkamue kwa mara ya mwisho, mkamue mpaka kiwele kiishe kabisa, mwite afisa aweke dawa ya kukaushia kwenye kila chuchu, kisha usimguse tena. Kiwele kitajaa siku ya pili na ya tatu, mama mkwe ataona huruma, atataka kupunguza kidogo. Mzuie kwa adabu. Kitanyauka chenyewe ndani ya wiki, ila ukiona kimekuwa moto na chekundu, nitafute.

Wiki mbili kabla ya kuzaa anza kumrudishia pumba kidogo kidogo. Na siku akizaa, dang'a ndama aipate ndani ya saa 2 za kwanza, hata kama ni usiku, hata kama inanyesha.